Kipakatalishi kupata moto: Lini ni kawaida, lini ni hatari?

WATU wengi wanaonunua kipakatalishi kwa mara ya kwanza hushtuka kabla hata ya wiki kuisha. Mtu anaandika barua, anasoma habari au anatazama filamu, kisha anagundua kuwa sehemu ya chini ya mashine imepata moto na feni inavuma kama nyuki. Hapo hujiuliza: je, mashine hii ni mbovu, au ndivyo ilivyoundwa?

Swali hilo si la kupuuzwa. Kwa familia nyingi kipakatalishi ni mali iliyonunuliwa kwa akiba ya miezi mingi au kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Ndani yake mna tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za duka, picha za arusi na nyaraka za ardhi. Anayepuuza joto la hatari huenda akapoteza vyote hivyo. Naye anayeogopa joto la kawaida huishia kumlipa fundi kwa kazi isiyohitajika.

Jibu kwa muhtasari ni kwamba kipakatalishi kizima lazima kipate joto, na kichakataji chake, yaani ubongo wa mashine, kimeundwa kijilinde. Vinavyohitaji kulindwa na mtumiaji mwenyewe ni viwili: betri, ambayo joto huizeesha kimyakimya, na ngozi ya mtu anayekipakata.

Joto hutoka wapi

Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hatimaye hugeuka kuwa joto. Kichakataji kina mabilioni ya swichi ndogo mno ziitwazo transista, zilizobanwa katika kipande kisichozidi ukubwa wa kucha chache za mkono. Kila swichi inapowaka na kuzima, chembe ya joto huzaliwa.

Vichakataji vya vipakatalishi vyepesi hutengenezwa kwa makadirio ya kutumia wati 15 hivi kwa kazi za kawaida. Vile vya mashine za michezo na za kuhariri video huanzia wati 45 kwenda juu. Wati 15 ni chache kuliko za balbu ya zamani ya wati 40, lakini joto lake limekusanyika mahali padogo sana. Lisipoondolewa haraka, kichakataji hupanda hadi kiwango cha maji yanayochemka kwa muda wa sekunde tu.

Kazi ya kuliondoa hufanywa kwa hatua. Juu ya kichakataji hupakwa krimu maalumu inayopitisha joto hadi kwenye bamba la shaba. Kutoka hapo joto husafiri kupitia mrija wa shaba wenye kimiminika kidogo ndani, ambacho hugeuka mvuke upande wa moto na kurudi kuwa kimiminika upande wa baridi. Mwisho wa mrija huo kuna mapezi membamba ya chuma, na feni hupuliza hewa katikati yake hadi nje. Kwa hiyo, hewa ya moto inayotoka ubavuni au nyuma ya mashine ni ushahidi kwamba mfumo wa kupoza unafanya kazi yake. Penye shaka ni pale mashine inapokuwa ya moto ilhali hewa inayotoka ni haba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko leo. Baadhi ya vipakatalishi vya wakati huo vilitumia vichakataji vya Pentium 4 vilivyobuniwa kwa ajili ya kompyuta za mezani, na havikupakatika kwa starehe. Mnamo Machi 2003 kampuni ya Intel ilizindua Pentium M, kichakataji kilichobuniwa mahsusi kwa vipakatalishi na kilichotumia umeme mchache zaidi. Novemba 2020, Apple ilitoa MacBook Air yenye kichakataji cha M1 isiyo na feni kabisa. Katika mashine za aina hiyo, bodi ya chuma ndiyo inayotawanya joto, na hivyo si ajabu mtumiaji kulihisi mkononi.

Kiwango cha kawaida

Ni vyema kutofautisha joto la ndani na joto la nje. Ndani ya kichakataji, nyuzijoto 40 hadi 55 za Selsiasi ni kawaida mashine ikiwa imetulia. Mtu anapoandika, kusoma kurasa za intaneti au kutazama video, nyuzi 50 hadi 70 si neno. Kazi nzito, kama vile kuhariri video au kucheza michezo yenye picha nyingi, huweza kuzifikisha 80 au hata 95.

Takwimu hizo humtisha asiyezoea, lakini vichakataji vingi vimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100. Vinapokikaribia, hujipunguza kasi vyenyewe ili vipoe. Joto likizidi licha ya hatua hiyo, mashine hujizima. Ndiyo maana ni nadra kichakataji kuungua kutokana na matumizi ya kila siku. Dalili ambayo mtumiaji huiona ni mashine kuwa nzito ghafla, kukwama kila baada ya dakika chache, au kuzima katikati ya kazi bila onyo.

Kwa upande wa nje, kipimo rahisi ni kiganja. Maumivu ya joto kwenye ngozi ya binadamu huanza katika nyuzi 43 hadi 45 hivi. Ikiwa unaweza kuweka kiganja chini ya mashine kwa dakika nzima bila maumivu wakati wa kazi nyepesi, hapana shaka kubwa. Ukilazimika kuuondoa mkono upesi ilhali unaandika barua tu, kuna jambo la kuchunguza. Kumbuka pia kwamba bodi ya alumini huhisiwa kuwa na moto zaidi kuliko ya plastiki hata joto likiwa sawa, kwa sababu chuma hupitisha joto hadi mkononi haraka zaidi.

Kipimo kilicho bora kuliko takwimu yoyote ni mabadiliko. Mashine iliyokuwa na uvuguvugu mwaka jana na leo inaunguza kwa kazi ileile imepatwa na kitu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu.

Mashine inafanya nini usiyoiona?

Mara nyingi mtumiaji husema hafanyi lolote na bado feni inavuma. Ukweli ni kwamba mashine yenyewe ina shughuli. Huenda inapakua na kuweka matoleo mapya ya programu, inakagua virusi, au inapanga orodha ya faili zote ili ziweze kutafutwa kwa urahisi. Kipakatalishi kipya hufanya mengi ya namna hiyo katika siku za mwanzo, na joto la kipindi hicho hupungua lenyewe.

Kivinjari cha intaneti chenye kurasa 30 zilizofunguliwa kwa pamoja ni mzigo mkubwa, hasa kurasa zenye matangazo yanayochezacheza. Mikutano ya video, ambayo wengi walianza kuizoea mwaka 2020 wakati wa janga la Covid-19, hutumia kamera, sauti, skrini na intaneti kwa wakati mmoja. Ukiongeza kuchaji betri katikati ya mkutano, joto la chaji hujumlika na la kazi.

Kujua kinachoendelea si vigumu. Katika mashine za Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager. Katika za Apple, tafuta Activity Monitor. Orodha itakayojitokeza huonyesha programu inayomeza nguvu nyingi za kichakataji. Iwapo programu usiyoifahamu inatumia zaidi ya nusu ya nguvu hizo kwa saa nyingi, kagua virusi. Kuna programu za kihalifu ambazo huiba nguvu za kompyuta za watu kuchimba sarafu za kidijitali, na joto lisiloelezeka ni mojawapo ya dalili zake.

Kitanda, mto na vumbi

Vipakatalishi vingi huvuta hewa kupitia matundu yaliyo chini. Miguu midogo ya mpira iliyo hapo imewekwa ili pawe na mwanya kati ya mashine na meza. Ukiiweka juu ya godoro, blanketi au kochi, kitambaa huziba matundu hayo na feni hubaki kuzungusha hewa ileile ya moto. Trei ya mbao au hata kitabu kikubwa kigumu chini ya mashine hutatua tatizo hilo bila gharama.

Jambo la pili ni vumbi. Feni inayovuta hewa kila siku huvuta pia nyuzi za nguo, nywele na vumbi jekundu la barabara zetu. Baada ya miaka miwili au mitatu, uchafu huo huweza kujenga zulia dogo kati ya feni na mapezi. Feni huvuma kwa nguvu zote lakini hewa haipiti. Krimu iliyo juu ya kichakataji nayo hukauka kadiri miaka inavyosonga.

Hili linawahusu hasa wanaonunua vipakatalishi vilivyotumika, ambavyo huingia nchini kwa wingi vikiwa vimeshafanya kazi maofisini ng'ambo kwa miaka kadhaa. Kabla ya kulipa, omba mashine iwashwe na ichezeshe video kwa dakika 20 huku ukisikiliza feni na kugusa upande wa chini. Dukani mashine huwashwa kwa dakika mbili tu, na muda huo hautoshi kufichua kasoro ya joto.

Kuisafisha ni kazi ya kawaida kwa fundi anayeijua. Mwambie asafishe feni na mapezi na abadilishe krimu ya kichakataji. Anayejisafishia mwenyewe azime mashine, achomoe chaja, kisha apulize hewa ya mkebe kwa vipindi vifupi, feni ikiwa imezuiwa isizunguke kwa kasi ya kupita kiasi. Nakili faili zako muhimu mahali pengine kabla ya kumkabidhi fundi yeyote mashine yako.

Mombasa si Limuru

Mashine haiwezi kupoa chini ya joto la chumba kwa sababu hewa inayoipoza ndiyo hiyohiyo iliyomo chumbani. Kwa makadirio, chumba kikiongezeka nyuzi 10, sehemu za ndani nazo hupanda karibu nyuzi 10 kwa kazi ileile. Hivyo, kipakatalishi kinachotulia Limuru mwezi Julai kitavuma Mombasa mwezi Machi, wakati joto la mchana hupita nyuzi 30, na kitapumua kwa taabu Lodwar au Mandera linapopita 35. Apple, kwa mfano, hushauri vipakatalishi vyake vitumiwe palipo na nyuzi 10 hadi 35.

Wakazi wa nyanda za juu nao wana jambo lao. Mji wa Eldoret uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba na kila mzunguko wa feni hubeba joto dogo zaidi. Hata hivyo, ubaridi wa huko hufidia upungufu huo.

Hatari kubwa zaidi ni gari lililoegeshwa juani. Ndani yake joto hupita kwa mbali lile la nje, na kipakatalishi kilichoachwa kwenye kiti huumia hata kikiwa kimezimwa. Hatari nyingine ni mkoba. Baadhi ya mashine hufunikwa zikidhaniwa zimelala, kumbe zinaendelea kufanya kazi ndani ya mkoba usio na hewa. Ikiwa safari ni ndefu, izime kabisa.

Ngozi na afya ya uzazi

Jina kipakatalishi linamaanisha chombo cha kupakatwa, lakini mapajani si mahali pema pa kukiweka kwa saa nyingi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1947 ulionyesha kwamba joto la nyuzi 44, ambalo mtu hulistahimili kwa muda mfupi, huweza kuichoma ngozi likiigusa kwa takriban saa sita mfululizo.

Joto la chini ya hapo halichomi, bali huacha alama nyekundu au za kahawia zilizosukwa kama wavu wa mvuvi. Zamani madaktari waliziona kwenye miguu ya watu waliozoea kuota moto karibu na meko. Mwaka 2010, madaktari wa Uswisi walieleza katika jarida la Pediatrics kisa cha mvulana wa miaka 12 aliyepata alama hizo kwenye paja la kushoto baada ya kucheza michezo ya kompyuta kwa saa kadhaa kila siku kwa miezi. Kwa kawaida alama hizo hufifia joto likiondolewa, ingawa nyingine hubaki muda mrefu.

Wanaume wana sababu ya ziada ya kutumia meza. Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, Stony Brook, waliwapima wanaume 29 wenye afya. Baada ya saa moja ya kupakata mashine iliyowaka, joto la mfuko wa korodani lilipanda kwa nyuzi 2.6 upande mmoja na 2.8 upande wa pili. Kukaa tu na mapaja yaliyobanwa pamoja bila mashine kulilipandisha kwa nyuzi 2.1. Utafiti huo ulipima joto, haukupima mbegu za uzazi, kwa hivyo haukuthibitisha kwamba vipakatalishi husababisha utasa. Hata hivyo, inajulikana kwamba korodani huhitaji ubaridi kidogo ili kuzalisha mbegu vyema, na meza ni kinga isiyo na gharama.

Betri: Panapohitajika uangalifu zaidi

Betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, huzeeka kwa kasi zikiwa na joto, hasa zikiwa zimejaa chaji. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu, betri iliyojaa ikihifadhiwa mwaka mzima katika nyuzi 25 hubaki na asilimia 80 hivi ya uwezo wake. Katika nyuzi 40 hubaki na asilimia 65. Ikihifadhiwa na chaji ya asilimia 40 badala ya kujaa, hubaki na 96 na 85 mtawalia. Anayeacha mashine kwenye chaja mchana kutwa katika chumba chenye joto anafupisha maisha ya betri bila kujua. Mashine nyingi za miaka ya karibuni zina mpangilio wa kusimamisha chaji katika asilimia 80. Utumie.

Betri huweza pia kuwaka. Mnamo Agosti 2006, Dell iliwataka wateja warudishe betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony, na mwezi huohuo Apple ikataka nyingine milioni 1.8, baada ya baadhi kupata moto wa kupita kiasi. Kiini kilikuwa vipande vidogo vya chuma vilivyosalia ndani ya betri wakati wa kuzitengeneza. Juni 2019, Apple ilirejesha betri za baadhi ya MacBook Pro za inchi 15 zilizouzwa hasa kati ya Septemba 2015 na Februari 2017. Anayenunua mashine iliyotumika ya wakati huo aikague kwanza kwa kutumia nambari yake ya utambulisho.

Visa vya kuwaka ni vichache vikilinganishwa na wingi wa mashine duniani, na mara nyingi betri hutoa onyo. Huvimba. Padi ya kugusia huinuka, kibodi hupinda katikati, au mashine hukataa kukaa sawa juu ya meza. Ukiona hivyo, zima mashine, chomoa chaja na usiichaji tena. Usiibonyeze betri wala kuitoboa, na usiitupe jaani wala motoni. Mpelekee fundi anayeaminika au kituo kinachopokea taka za kielektroniki. Moshi ukianza kutoka, usiinamie kutazama. Zima umeme ukutani ikiwa ni salama kufanya hivyo, watoe watu chumbani, kisha upige nambari ya dharura 999 au 112. Moshi wa betri hizo una sumu.

Chaja bandia huongeza hatari hizo. Chaja ya kubadilisha sharti iwe na volti zilezile zilizoandikwa kwenye chaja asilia, na ampea zilizo sawa au zaidi. Chaja yenyewe kupata uvuguvugu ni kawaida. Inayonuka plastiki iliyoungua, kubadilika rangi au kutoa cheche itupwe siku hiyohiyo.

Uamuzi wa mtumiaji

Kwa ujumla, usiwe na wasiwasi mashine ikipata uvuguvugu wakati wa kazi, feni ikiongeza sauti kwa dakika chache kisha ikatulia, au hewa ya moto ikitoka kwenye matundu yake.

Mtafute fundi feni inapovuma saa zote hata kwa kazi nyepesi, mashine inapojizima ovyo, joto linapokuwa jipya kwa kazi ya zamani, au feni isiposikika kabisa katika mashine iliyokuwa nayo.

Acha kuitumia papo hapo betri inapovimba, unaposikia harufu kali tamu au ya kuungua, au sehemu iliyo juu ya betri inapokuwa ya moto kupita kiasi ilhali mashine imezimwa. Mashine iliyozimwa na kuchomolewa haina kazi ya kuipa joto. Ikiwa bado inapata moto, betri ndiyo inayochemka, na wakati wa kusubiri umekwisha.